Njano haifichi kitu: jibu kwa msomaji wa Uyole kuhusu modeli ya Sea King

Swali, kutoka Uyole, Mbeya: "Nina seti ya plastiki ya helikopta ya uokoaji Sea King, kipimo cha 1/72, ile ya njano ya jeshi la anga la Uingereza. Bodi nimeshaiunganisha. Nimepaka njano kwa brashi mara nne juu ya plastiki ya kijivu na bado ina mabaka yanayoelekea kijani. Mstari wa maungio unaonekana mgongoni, kioo kimoja kimeingia ukungu baada ya kutumia supa gluu, na mapanga yamenyooka kama rula. Niitupe au bado inaokoleka? Na nikishaiokoa nimalizieje?"

Jibu: Usiitupe. Kasoro zote nne zina dawa, na mbili kati yake, mabaka na mstari wa mgongoni, zina chanzo kimoja: rangi iliingia kazini kabla ya wakati wake. Helikopta ya kijani ya vita husamehe mengi, kwa kuwa rangi nzito humeza mikwaruzo na maungio mabaya. Njano haifichi kitu. Kila ulichokiacha chini yake itakuonyesha, tena mchana kweupe. Kwa hiyo kabla ya kupaka tena, tunarudi nyuma kidogo.

Tuanze na hayo mabaka. Chembe za rangi ya njano hupitisha mwanga kwa kiasi kikubwa. Mwanga unaingia, unagonga plastiki ya kijivu, unarudi ukiwa umefifia, na jicho linasoma njano juu ya kijivu kuwa kijani chafu. Kwenye kingo na juu ya vichwa vya ribiti rangi hukimbia na kuwa nyembamba, na hapo ndipo mabaka yanapoonekana zaidi. Kuongeza mkono wa tano na wa sita hakusaidii, kunaongeza unene tu. Piga hesabu: katika 1/72, milimita moja ya modeli ni milimita 72 za helikopta halisi. Rangi yenye unene wa nusu milimita ni sawa na kuipiga Sea King ya kweli lipu ya sentimita 3.6. Ndiyo maana modeli iliyopakwa sana huanza kufanana na mdoli: kingo zinakuwa duara, mistari ya mabati inazibwa, milango inaonekana kama imechorwa.

Sasa amua: kukwangua au kutoa rangi yote? Ipitishie ukucha. Kama ni laini na mistari ya mabati bado inaonekana vizuri, usiitoe. Isugue kwa msasa wa maji namba 1000 kisha 1500, ukiuchovya kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, hadi mng'ao wote uishe. Lakini kama kuna mifereji ya brashi, au mistari imeshajaa rangi, itoe yote. Kwanza jua ni rangi gani. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti na usugue sehemu ya tumboni. Pamba ikigeuka njano upesi, ni rangi ya akriliki, na spiriti hiyohiyo pamoja na mswaki wa zamani vitaitoa. Isipogeuka, ni enameli, yaani rangi ya mafuta. Hapo tumia mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3: yanalegeza enameli na kwa kawaida hayali plastiki ya modeli. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha fremu, ile plastiki iliyoshikilia vipande vya seti. Vaa glavu, loweka kwenye chombo cha plastiki usiku kucha, sugua kwa mswaki, osha kwa sabuni mara mbili. Vioo vyote viwe vimetolewa kabla ya hapo, na usishangae baadhi ya maungio ya supa gluu yakiachia.

Usiguse kabisa thina ya rangi za magari. Najua ndiyo iliyo karibu, iko kila duka la rangi pale Mwanjelwa na Sido, lakini inayeyusha plastiki ya modeli ndani ya dakika. Bodi itanata, itakunjamana, na hapo hakuna dawa.

Rangi ikishatoka, mstari wa mgongoni utauona wazi. Kwenye Sea King maungio ya nusu mbili za bodi yanapita juu ya pua, juu ya paa la marubani, yanafuata mgongo wote wa mkia, kisha yanarudi chini ya tumbo lenye umbo la mtumbwi. Sehemu ngumu ni mgongo wa mkia, kwa sababu ni mwembamba na jicho la mtu huenda hapo moja kwa moja. Kama ni ufa mwembamba, uujaze kwa supa gluu kidogo kidogo kwa ncha ya sindano, halafu usugue ndani ya nusu saa hadi saa moja. Ukiiacha hadi kesho yake inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka: msasa utachimba plastiki na kuiacha gundi imesimama kama tuta. Kama ni shimo kubwa, katakata vipande vidogo vya fremu ya seti hiyohiyo, vitie ndani ya chupa yenye gundi nyepesi ya plastiki, acha vilale siku moja, utapata uji mzito wa plastiki ileile. Ukikauka vizuri, siku mbili au tatu, unasugulika sawasawa na bodi. Pati ya magari inaweza kutumika pale tu tabaka linapokuwa jembamba sana. Ukiipaka nene, kemikali zake zinaweza kulainisha plastiki.

Msasa uwe wa maji: 400 kwa kuondoa tuta, 600, kisha 1000. Ule wa kahawia wa maseremala uache hukohuko kwa maseremala. Mstari wa bati ukipotea kwa kusuguliwa, bandika vipande viwili vya tepu nene kama ukingo, pitisha sindano mara tano au sita kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza mara moja kwa nguvu, sindano itatoka njiani na kuchora mahali usipotaka. Kukagua, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze karibu na bodi ili mwanga uje kwa ubavu. Ufa unaojificha chini ya taa ya dari utatupa kivuli.

Baada ya hapo bodi yote ioshwe kwa sabuni, ikauke, na kuanzia hapo ishikwe kwa kitambaa au glavu. Mafuta ya vidole ndiyo yanayofanya rangi ibanduke na tepu baadaye.

Kisha praima nyeupe, yaani rangi ya msingi. Usikubali kijivu, hata kama muuzaji anakuambia ni bora. Nyeupe ndiyo inayorudisha mwanga na kuifanya njano iwe hai. Kama unatumia kopo la kupuliza, jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu na ukiache siku nzima: kikibaki kigumu na laini, kopo hilo ni salama, kikinata au kikichakaa, litafute jingine. Puliza kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza nje ya modeli, pita, maliza nje ya modeli. Mkono wa kwanza uwe kama vumbi tu, bodi bado ionekane chini yake. Subiri dakika 15, mkono wa pili, kisha wa tatu. Anayetaka kumaliza kwa mpulizo mmoja hupata machozi ya rangi chini ya tumbo.

Hali ya hewa ya huko kwenu inahitaji heshima yake. Juni na Julai, kwa baridi ya Mbeya, rangi ndani ya kopo huwa nzito na inatoka kwa matone. Simamisha kopo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10, kamwe si jikoni wala karibu na moto. Enameli iliyoandikwa saa 24 kwenye kopo, kwa baridi hiyo ipe 48. Kuanzia Juni hadi Oktoba adui ni vumbi: fanya kazi asubuhi kabla upepo haujaamka, nyunyizia sakafu maji, na ukimaliza kila mkono funika modeli kwa beseni kubwa. Msimu wa mvua adui ni unyevu: vanishi ya kupuliza inaweza kugeuka nyeupe kama ukungu, kwa hiyo siku ya mvua acha. Na jambo moja ambalo halina mjadala: jiko la mkaa lisiwe ndani ya chumba unachopulizia rangi, hata kama baridi inauma. Mvuke wa rangi unashika moto, na moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua.

Njano yenyewe iwe iliyokolea, ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, si ya ndimu. Kwa brashi, izimue hadi iteleze kama maziwa freshi, tumia brashi laini ya upana wa milimita 8 hadi 10, na upake mikono mitatu myembamba: wa kwanza kwa urefu wa bodi, wa pili kwa kuukata wa kwanza, wa tatu kwa urefu tena. Usirudi kwenye sehemu iliyoanza kukauka, hata kama umeona kasoro. Ukirudi, brashi itang'oa. Kati ya mkono na mkono, chembe za vumbi ziondoe kwa msasa wa 2000 wenye maji. Juu ya nyeupe utashangaa: mkono wa pili tayari umefunika.

Tuje kwenye kioo. Supa gluu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo ukitua juu ya plastiki angavu, hasa palipo na alama ya kidole, huganda kuwa ukungu mweupe. Ndani ya bodi iliyofungwa hauna pa kutokea, ndiyo maana dirisha la ndani huathirika hata kama gundi haikuligusa. Ukungu ukiwa upande wa nje, sugua kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiwe ya jeli, kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, dakika tano kwa mizunguko midogo, kisha suuza. Ukiwa ndani, kioo lazima kitoke. Weka modeli kwenye friza saa tatu au nne. Supa gluu hupoteza ustahimilivu kwa baridi na inaweza kuachia kwa msukumo mdogo wa ncha ya wembe. Usilazimishe, plastiki angavu hupasuka bila kutoa taarifa.

Watu wa nje huwa wanaelekeza kuchovya vioo kwenye dawa ya sakafu. Ile ni akriliki angavu inayofanana na maji. Dawa ya sakafu ya maduka yetu ni nta, nyekundu au ya njano, na itaharibu kioo kabisa. Badala yake tumia vanishi angavu ya akriliki yenye mng'ao: chovya kioo, gusisha ukingo kwenye kitambaa ili ziada inyonywe, funika kwa kikombe hadi kesho. Kukibandika tena, tumia gundi nyeupe ya mbao, ile inayokauka na kuwa angavu. Haina mvuke, na ikimwagika unaifuta kwa maji. Dirisha dogo lililopotea, la chini ya milimita 5, unaweza hata kulitengeneza kwa gundi hiyo: izungushe kwenye tundu kwa kijiti cha meno, ivute hadi itande kama kiputo, iache ikauke.

Fremu za kioo cha marubani zina siri yake. Mtu akichungulia ndani, anaona rangi ya kwanza iliyogusa plastiki. Kwa hiyo ziba vioo kwa tepu ya karatasi iliyokatwa kwa wembe mpya, paka fremu nyeusi kwanza, kisha nyeupe, kisha njano. Kwa ndani zitaonekana nyeusi, kama inavyotakiwa. Tepu itoke mara rangi ya mwisho inapokuwa kavu kwa kugusa, ukiivuta ikiwa imejikunja kurudi nyuma juu yake yenyewe, si kwa kuinyanyua juu.

Sasa mapanga, sehemu inayotofautisha modeli ya mtu makini na nyingine. Sea King ina mapanga makuu matano na kipenyo cha mita 18.9, yaani milimita 262 katika kipimo chako. Panga refu na jembamba namna hiyo, injini ikiwa imezimwa, hulegea kwa uzito wake. Kwenye seti yanakuja yamenyooka, na helikopta iliyotua ikiwa na mapanga ya rula inaonekana imekufa. Kuyapinda kwa vidole hakufai: yatavunjika shinani, au kila moja litakuwa na mpindo wake.

Chukua ubao mwembamba wa urefu wa sentimita 15. Upande mmoja panga njiti nne za kiberiti, moja juu ya nyingine, zigundishwe: hapo unapata kama milimita 8. Laza panga, shina juu ya njiti, ncha ikiwa imefungwa kwa uzi hadi iguse ubao, na shina nalo lifungwe. Lichovye lote kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha kwenye maji baridi dakika mbili, ndipo ufungue. Litarudi juu kidogo na kubaki na mshuko wa milimita 5 au 6, na hiyo inatosha. Kwa ubao huohuo, yote matano yanakuwa sawa. Kwa hili mwinuko wa Mbeya ni rafiki: kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na plastiki ya modeli huanza kulegea karibu na nyuzi 95 hadi 100. Kwa hiyo maji yenu yanailainisha taratibu bila kuiyeyusha. Isipokubali kwa dakika moja, ongeza nusu dakika. Mtu wa Dar es Salaam akifuata muda huohuo atazame kwa makini zaidi.

Kabla ya kubandika, angalia kingo. Ukiitazama kutoka juu, rota kuu ya Sea King huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Ukingo mnene wa panga ndio unaotangulia, ule mwembamba hufuata nyuma. Ukiyageuza, kila anayezijua helikopta ataona mara moja. Rota ya mkia ya toleo hili la HAR.3 ina mapanga sita na iko upande wa kushoto. Bawa dogo la mkiani liko upande wa kulia. Sea King inakaa kwa jozi mbili za magurudumu ya mbele na gurudumu moja la mkiani, kwa hiyo huhitaji kuweka uzito puani kama zile zenye gurudumu la mbele.

Stika za maji hazitakupa taabu, maana njano yako itakuwa na mng'ao. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hubaki chini ya stika na kutoa weupe kama fedha. Maji yawe ya uvuguvugu, sekunde 20, toa, subiri dakika moja hadi stika iteleze yenyewe. Ikigoma kukaa juu ya ribiti, tone la siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji litailainisha. Neno RESCUE la ubavuni liweke la kwanza, upande wa kulia na wa kushoto siku mojamoja, likiwa sambamba na mstari wa sakafu ya kabini. Macho hupima kila kitu kingine kutokana nalo.

Winchi iko juu ya mlango mkubwa wa kulia. Ukiuacha mlango wazi, na nakushauri uuache, weka kamba. Uzi wa kushonea ni mnene mno na una manyoya. Shika kipande cha fremu kwa mikono miwili juu ya mshumaa, kizungushe hadi kilegee, kitoe motoni, kivute taratibu: utapata uzi wa plastiki mwembamba kama unywele, ulionyooka. Mwokoaji anayening'inia asizidi milimita 24 au 25, ndiyo urefu wa mtu mzima katika 1/72. Kwenye helikopta halisi wafanyakazi walikuwa wanne: marubani wawili, mwendesha winchi na yule anayeteremka. Ukimweka wa nne kwenye kamba, hakikisha kiti chake ndani hakina mtu.

Uchafu uwe wa kazi, si wa kutelekezwa. Ndege hizi ziliingia kazini mwaka 1978 na kuacha kazi ya uokoaji Uingereza 2015, na miaka yote hiyo zilifanya kazi juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo zilioshwa mara kwa mara. Usizipake kutu. Mahali pa kuchafua ni nyuma ya mabomba mawili ya moshi, kila ubavu moja, chini ya rota. Saga kipande cha mkaa hadi kiwe unga kama poda, upitishe kwenye kitambaa chepesi, uchukue kwa brashi kavu na uupake kuelekea mkiani, mwingi karibu na bomba na kufifia kadiri unavyorudi nyuma. Zidisha kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu vanishi itaupunguza. Vanishi ya mwisho iwe ya mng'ao wa kati. Mng'ao kamili kwenye kitu cha sentimita 24 unarudisha sura ya mdoli.

Antena, vioo vya pembeni na mapanga viwe vya mwisho kabisa. Kitovu cha rota kuu usikigundishe: kiache kiingie na kutoka kwenye tundu lake, ili siku ya kuipeleka modeli Iringa au popote usafirishe mapanga peke yake kwenye boksi yakiwa yamelazwa juu ya pamba.